Mjomba, nina Ducati ya 1995 na kila fundi ananiambia lake

BARUA

Mjomba, shikamoo.

Safu hii naisoma siku nyingi, na sikuwahi kufikiri kuna siku nitakuandikia mimi. Ila sasa maji yamenifika shingoni.

Nilinunua Ducati 900 SS ya mwaka 1995, nyekundu, ile yenye kabureta. Nimeitamani tangu ujana. Mwenye nayo alikuwa ameipaki miaka kadhaa baada ya kuhamishwa kikazi. Kilomita zinasoma 31,000 na rangi bado safi. Akaniambia haina shida, ni betri tu. Nikaweka betri mpya, nikapiga stata, ikawaka. Mjomba, nilipousikia ule mlio sikukagua kitu kingine chochote.

Furaha haikudumu. Jioni moja narudi nyumbani, taa zikaanza kufifia taratibu, mshale wa mizunguko ukaanza kucheza, kisha pikipiki ikazima kabisa. Nikaisukuma. Usiku nikachaji betri, asubuhi ikawaka kama kawaida, na nilipotoka nayo ikarudia mchezo uleule. Fundi wa kwanza akasema altaneta, ile inayozalisha umeme wa kuchaji betri, imeungua, na ili kuifikia lazima afungue ubavu wa injini. Wa pili akakata soketi moja iliyoyeyuka, akasokota waya na kuzifunga kwa utepe, akasema imepona. Haijapona. Wa tatu ndiye aliyenikata maini. Aliiwasha, akasikiliza vyuma vinavyogongana ikiwa imesimama, akatikisa kichwa: "Injini hii imekwisha, hapa ni kufungua yote." Akaongeza kwamba valvu za Ducati haziguswi na mtu ambaye hakusomea kiwandani kwao.

Kuhusu mikanda ya taimingi, ile inayoendesha valvu, muuzaji alisema ilibadilishwa "si muda mrefu". Fundi wa tatu naye anasema kwa kilomita hizo bado ina maisha.

Hata inapotembea vizuri sina raha nayo. Kwenye foleni inashtukashtuka, viganja vinauma mpaka vidole vinakufa ganzi, na nikitaka kugeuza mahali pembamba nusura iniangushe. Rafiki zangu wenye Honda wananipita wakicheka.

Nyumbani nako moto unawaka. Nilifungua kabureta nizisafishe, na tangu hapo ziko juu ya meza ya chakula. Mke wangu amesema ama pikipiki iwe barabarani, ama itoke. Yuko jamaa anataka tubadilishane: anipe pikipiki ya Kijapani ya miaka ya karibuni, mimi nimpe hii hivi ilivyo. Mdogo wangu ananisihi nisikubali, na anasubiri tu nirudishe kabureta aiwashe "tusikie kidogo".

Niiuze? Niifungue injini? Nianzie wapi?

Ni mimi mpwa wako niliyekwama.

JIBU

Marahaba, mpwa wangu.

Nianze na mdogo wako, maana kati ya wote uliowataja yeye ndiye anayenitia wasiwasi zaidi. Kabureta zikisharudi mahali pake, injini hiyo isipigwe stata hata mara moja mpaka mikanda ya taimingi iwe mipya. Ufunguo ukae mfukoni mwako. Akitaka kusikia mlio, atasubiri.

"Si muda mrefu" haina tarehe, na muuzaji asiye na risiti wala maandishi mhesabu kwamba hakubadilisha. Fundi aliyekupimia uhai wa mikanda kwa kilomita amesoma nusu ya kanuni. Kwa Ducati za kipindi hicho kanuni ni kilomita 20,000 au miaka 2, lolote litakalotangulia, na kwa pikipiki iliyolala, miaka ndiyo hutangulia. Mpira unazeeka hata ukiwa umetulia. Tena huko kutulia ndiko kubaya: mkanda unakaa muda wote umekunjwa palepale kwenye puli, unashika umbo la lile kunjo, na siku ukianza kuzungushwa kwa kasi ndipo unapata ufa mahali hapo.

Fabio Taglioni, mhandisi wa Ducati, alipochora injini ya Pantah mwishoni mwa miaka ya 1970, aliachana na zile shafti na gia zilizokuwa zikizungusha kemu (shafti yenye nundu zinazoendesha valvu) kwenye Ducati kubwa za kabla yake. Zilikuwa kazi nzuri ya kutazama, lakini za gharama na za kupangwa kwa saa nyingi. Badala yake akaweka mikanda miwili yenye meno, mmoja kwa kila silinda. Injini yako ya cc 904 ni ya ukoo huo. Mkanda ukikatika, au ukiruka meno machache tu, kemu inasimama huku pistoni inaendelea kupanda, na valvu iliyoachwa wazi inapigwa na kupinda. Hapo ndipo utabiri wa fundi wako wa tatu utakapotimia, na utafungua injini kweli.

Kazi yenyewe haitishi kwa mtu ambaye ameweza kutoa kabureta. Toa plagi zote mbili, tia gia ya juu kabisa, zungusha gurudumu la nyuma kwa mkono mpaka alama za kwenye puli zikutane na alama za kwenye mwili wa injini. Kabla hujalegeza chochote weka na alama zako mwenyewe kwa rangi nyeupe, upige na picha, kwa sababu kemu ikiachiwa inaweza kujisogeza. Mkanda mpya usiukunje kwa nguvu wala kuugeuza ndani nje, na vidole visiwe na oili. Ukaze kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha injini hiyo. Usiukadirie kwa kubonyeza na kidole gumba: uliokaza mno unaua beringi, uliolegea unaruka meno. Kisha zungusha injini kwa mkono mizunguko kadhaa, uone alama zinarudi kukutana na hakuna mahali inapogoma. Ikigoma usilazimishe, rudi nyuma uhakikishe alama. Ukiwa hapo hapo, zungusha na puli ndogo za kukazia mkanda. Zikikwaruza au kukoroma, zibadilishe pamoja. Andika tarehe na kilomita kwa wino usiofutika upande wa ndani wa kifuniko cha mkanda, ili mwenye kuifungua baadaye asiambiwe "si muda mrefu".

Sasa tuje kwenye vyuma vinavyogongana. Fundi alisikia sawasawa, ila alitafsiri vibaya. Pikipiki yako ina klachi kavu. Sahani zake hazilowi kwenye oili kama za pikipiki nyingi; zinafanya kazi hewani, nyuma ya kifuniko cha upande wa kulia, na zina nafasi ya kucheza ndani ya kikapu chake. Mlio wake ni wa vijiko vilivyomwagwa kwenye sufuria, na mgeni akiusikia lazima ashike kichwa. Ukishaweka mikanda, fanya jaribio la nusu dakika: injini inawaka, gia iko nyutro, kamata klachi, achia, kamata tena. Mlio ukibadilika kila unapokamata na kuachia, unatoka kwenye klachi. Unaopaswa kukukosesha usingizi ni mlio mzito wa kugonga kutoka chini, unaofuata resi bila kujali mkono wako wa kushoto unafanya nini. Kwa ulivyoeleza, sioni dalili yake.

Wapo wanaotoboa kile kifuniko makusudi ili kelele isikike zaidi. Vumbi na maji vinaingia papo hapo, lakini sigombani na mtu kwa pikipiki yake. Wewe kifungue uangalie meno ya kikapu. Yakishachimbika mabonde, sahani zinanasa na klachi inashika kwa kushtuka, jambo ambalo linaweza kuwa sehemu ya malalamiko yako ya kwenye foleni. Pitisha jicho na upande wa kushoto, karibu na sproketi ya mbele, kwenye silinda ndogo inayosukuma klachi. Sili yake inajulikana kwa kuvuja. Kopo la mafuta ya klachi likipungua bila sababu, anzia hapo.

Umeme ndio ugonjwa wako halisi, na ndio uliotibiwa vibaya kuliko vyote. Taa zinazofifia taratibu mpaka injini inazima maana yake pikipiki ilikuwa inakula betri bila kuirudishia. Betri mpya inakupa mwendo kidogo zaidi kabla ya kusukuma, basi. Ila kutoka hapo mpaka kusema altaneta imeungua kuna vipimo vichache ambavyo fundi wa kwanza aliviruka. Nunua multimita. Kwa mwenye pikipiki ya umri huu ni muhimu kuliko seti nzima ya spana.

Betri iliyojaa na iliyopumzika inasoma volti 12.6 hadi 12.8. Washa, tia resi mpaka mizunguko 3,000 au 4,000, upime kwenye vichwa vya betri: unataka kuona kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Ikibaki 12 na kuendelea kushuka, haichaji. Ikipita 15, regulata, kile kifaa kinachodhibiti umeme unaokwenda kwenye betri, inaachia umeme mwingi mno, na hiyo inachemsha betri. Baada ya hapo zima, fuata waya za njano zinazotoka kwenye altaneta kwenda kwenye regulata, zitenganishe. Weka multimita kwenye upande wa umeme geu (AC), washa, upime kati ya zile za njano zinazotoka kwenye injini. Volti zikipanda vizuri kadiri unavyotia resi, altaneta iko hai. Zima tena, uangalie kama kuna njia ya umeme kati ya waya ya njano na chuma cha injini, isiwepo. Altaneta ikifaulu majaribio hayo mawili, hakuna sababu ya mtu kufungua ubavu wa injini yako.

Mimi dau langu naliweka kwenye ile soketi iliyoyeyuka. Katika zile waya za njano unapita umeme mwingi. Vichwa vya soketi vikishaota kutu vinazuia umeme, vinapata joto, joto linaongeza kuzuia, mpaka plastiki inayeyuka. Wenye Ducati za miaka ile wengi wamekutana na hili. Kwa hiyo fundi wa pili alikuwa kwenye njia sahihi alipoikata, kisha akaharibu kwa kusokota na utepe. Kiungo cha namna hiyo kinalegea kwa mtikisiko na kinarudia joto lilelile. Kata mpaka ufikie shaba inayong'aa. Ukikuta nyeusi, endelea kukata. Unganisha kwa risasi ya kuchomea au kwa kibano cha vichwa vinavyobanwa barabara, ufunike kwa mpira unaosinyaa kwa joto.

Halafu usiishie hapo, kwa sababu umeme una safari ya kwenda na ya kurudi. Injini ikiwaka, pima kati ya waya inayotoka kwenye regulata kwenda betri na kichwa chenyewe cha chanya cha betri. Ukiona zaidi ya nusu volti imepotea njiani, kuna waya, fyuzi au kiungo kinachokula umeme wako. Rudia hivyohivyo upande wa hasi, kati ya mwili wa regulata na kichwa cha hasi. Regulata ifungwe kwenye chuma kisafi, bila rangi wala kutu chini yake. Yote hayo yakiwa sawa na bado haichaji, badilisha regulata yenyewe. Na kama stata inazunguka kwa uvivu ilhali betri ni nzima, tazama nyaya nene za stata: kwenye 900 SS hazikuwa nene vya kutosha tangu kiwandani, na kuweka nene zaidi ni kazi ndogo inayobadilisha asubuhi zako.

Rafiki zako wa Honda watakuambia ni umeme wa Kitaliano. Wakumbushe kwamba kabureta zilizo mezani kwako ni Mikuni, za Kijapani.

Lile la valvu kutoguswa na asiyesomea kiwandani ni uzushi wenye chembe ya ukweli. Kwenye injini nyingi kemu inafungua valvu na springi inaifunga. Miaka ya 1950, springi za mbio zilikuwa zinashindwa kufuata kasi kwenye mizunguko ya juu, nyingine zikikatika. Taglioni akaweka roka (kimkono kinachosukumwa na kemu) ya pili, ya kuifunga valvu kwa nguvu ya kemu ileile, na Ducati ya cc 125 yenye mfumo huo ikashinda mbio za Grand Prix za Sweden mwaka 1956. Wazo hilo la desmo halikuwa lake wa kwanza. Mercedes walikuwa nalo kwenye magari ya mbio mwaka 1954. Ila yeye ndiye aliyelishikilia mpaka likafika kwenye pikipiki ya mtu wa kawaida kama wewe.

Kwako maana yake ni kwamba kila valvu ina nafasi mbili za kupima, ya kufungulia na ya kufungia. Valvu zako ni nne, kwa hiyo vipimo ni vinane, na hukaguliwa kila kilomita 10,000. Nafasi ya kufungulia inacheza karibu na sehemu moja ya kumi ya milimita. Ya kufungia ni ndogo zaidi, sehemu chache za mia. Kurekebisha ni kubadilisha vishimu, yaani vijichuma vidogo vya kujaza nafasi, vya unene tofauti. Kile cha kufungia kinashikwa na vipete viwili vya nusu duara, vyembamba, vinavyoingia kwenye mfereji wa shina la valvu. Hivyo vikilika au kukaa vibaya, nafasi inajifungua yenyewe baada ya muda mfupi, na ndiyo sababu mtu anapima leo sawasawa, akirudi anakuta namba nyingine. Angalia pia uso wa roka unaosugua kemu: chromu ikianza kubanduka, ngozi inaonekana kwa macho.

Unaona basi kwamba ni kazi ya subira, ya vibamba vyembamba vya kupimia na daftari. Haihitaji cheti cha Bologna, kwao Ducati. Mara ya kwanza usirekebishe kitu. Pima tu, uandike namba nane. Ukiwa nazo, hata ukimpelekea fundi, utajua mara moja kama anajua anachosema, kwa sababu swali lake la kwanza litakuwa juu ya zile namba. Anayetaka kufungua injini kabla ya kuziuliza, mwage.

(Wenye Moto Guzzi, Waitaliano wengine hao, wanaosoma hapa najua wanacheka. Le Mans ya 1976 haina mkanda wa mpira kwenye taimingi, valvu unazirekebisha kwa skrubu na nati huku vichwa vya silinda vimetokeza nje ubavuni, na nyuma ni shafti badala ya cheni. Kwa huduma za nyumbani wale wa Mandello del Lario waliwahurumia watu kuliko wa Bologna. Nakubali. Bado mpwa wangu hakuwa anaota Guzzi.)

Kabureta zisikae mezani wiki nyingine. Tatizo la pikipiki iliyolala ni petroli iliyokauka na kuacha gundi kwenye matundu madogo ya mwendo wa chini. Yasafishe kwa dawa na hewa. Waya usiingize, utayapanua. Mwaga petroli yote ya zamani, mulika ndani ya tangi kuona kutu, badilisha chujio. Zikirudi, zipangwe zivute sawa kwa kipimo cha upepo, maana silinda mbili zinazovuta tofauti ndizo zinazokushtua kwenye foleni.

Kabla ya kuipanda kwa kasi yoyote, chuchumaa usome ubavu wa matairi. Mwishoni mwa herufi za DOT kuna tarakimu nne: 2315 ni wiki ya 23 ya mwaka 2015. Matairi ya mwenye nayo wa zamani, hata yakiwa na meno yote, mpira wake umeshakuwa mgumu. Nunua mapya, na ya nyuma ubaki na 170/60 iliyotoka nayo kiwandani. Wanaoweka pana zaidi kwa ajili ya picha wanaifanya pikipiki iwe nzito kuingia kona, halafu wanalaumu fremu. Fremu nayo imulike kwa tochi kwenye viungo vya karibu na shingo, na mkono wa nyuma vilevile. Za miaka ya mwanzo ya 1990 zilikuwa na tabia ya kupata nyufa, na kuangalia hakugharimu kitu.

Sasa uendeshaji, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Silinda mbili kubwa haziendi kwa upole chini ya mizunguko 3,000 kwenye gia kubwa. Kila mlipuko unavuta cheni, cheni inalegea, inavutwa tena, na wewe unaita hiyo ni ubovu. Shusha gia. Iache izunguke. Cheni iliyolegea mno inazidisha mshtuko, kwa hiyo iangalie nayo. Kwenye foleni iliyosimama weka nyutro, usikae umekamata klachi wala kuisugua nusunusu kwa muda mrefu, kwa sababu klachi kavu inapata joto na haina oili ya kuipoza.

Viganja vinauma kwa kuwa umeviegemea. Mishikio ya hizi pikipiki iko chini makusudi, na uzito wa kiwiliwili ubebwe na tumbo na mapaja. Bana tangi kwa magoti, kunja viwiko, ujaribu kuchezesha vidole huku unaendesha. Vikigoma kucheza, umeshika usukani badala ya kuuongoza. Kwenye mwendo wa barabara kuu upepo unaokupiga kifuani unasaidia kukunyanyua, ndiyo maana mtu akitoka safari ndefu hachoki kama aliyetoka foleni. Kugeuza mahali pembamba, usukani wake haukati sana, na ukiukunja mpaka mwisho kidole gumba kinabanwa kati ya mshikio na tangi. Shuka uisukume. Hakuna aibu. Halafu uwe macho na stendi ya pembeni: nyingi za kipindi kile zinajikunja zenyewe pindi uzito ukiondoka, na pikipiki inalala chini huku mwenyewe anatafuta ufunguo.

Kona, maliza breki na gia kabla hujaingia. Injini hii inashika sana ukifunga resi, na haina klachi ya kulainisha ukishusha gia kwa pupa, kwa hiyo gurudumu la nyuma linaruka. Ingia na resi kidogo isiyoyumba, uifungue taratibu kadiri unavyoinuka. Iko chini ya kilo 190 bila mafuta. Kwenye barabara yenye kona hutawaona hao wa Honda wakikupita kirahisi, ukishaijua.

Nimebakisha nyumba yako. Mkeo yuko sahihi, tena amekuwa mpole. Hakusema iuzwe, amesema itembee au itoke, na hayo ndiyo masharti ambayo pikipiki yenyewe ingekupa. Pikipiki hizi zinaharibika kwa kulala kuliko kwa kutembea: sili zinakauka, petroli inaganda, soketi zinaota kutu. Muombe muda wa kazi tatu tu, ambazo ni mikanda, umeme na matairi, umwonyeshe kila moja ilipofika. Meza irudi leo.

Na jamaa wa kubadilishana? Usikubali sasa. Anataka kuichukua hivi ilivyo kwa sababu anajua, au anahisi, kwamba iko chini kuliko thamani yake kwa ajili ya waya mbili tatu. Fanya zile kazi, uiendeshe miezi kadhaa kwenye barabara za aina zote. Kama safari zako karibu zote ni foleni za mjini, nitakuambia waziwazi, hiyo ya Kijapani inakufaa zaidi, na mdogo wako atazoea. Kama una barabara ndefu yenye kona na siku za kuifuata, baki nayo. Ukiamua kuiachia, jamaa aje aikute injini baridi, iwake mbele yake, mpe daftari lenye namba nane na risiti ya mikanda, ndipo mzungumze bei.